Kaka alimpiga jirani akala miaka minne. Rufaa haikuwa vile tulivyodhani (uzi mrefu)

Mpini wa Jembe (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Nimekuwa naahidi huu uzi muda mrefu, leo nimetulia ngoja niuandike wote maana kila wiki kuna mtu ananifuata inboksi anauliza "ndugu yangu kafungwa kwa kumpiga jirani, tunakataje rufaa". Mimi sio mwanasheria, ni mdogo mtu niliyebeba mafaili.

Kaka yangu na jirani yake walikuwa na ugomvi wa mtaro. Mvua ikinyesha maji ya kwa jirani yanaingia kwa kaka, kaka akiziba yanarudi kwa jirani, yani kila mmoja anaamka usiku na koleo lake anaziba upande wake anarudi kulala. Miaka mitatu hivyo. Mwenyekiti wa mtaa aliwakalisha mara mbili, wakaandikishana, wakashikana mikono, mvua ya kwanza tu mkataba ukaenda na maji.

Siku ya tukio ilikuwa jioni, giza ndo linaingia. Jirani ana koleo, kaka ana mpini wa jembe. Wakaanza matusi, wakasukumana, jirani akanyanyua koleo, kaka akampiga mkononi koleo likadondoka. Ingeishia hapo labda leo nisingekuwa na cha kuandika. Akampiga tena mgongoni, na la tatu akampiga kichwani, na hilo la tatu jirani alikuwa ameshageuka anakimbilia mlangoni kwake. Sifichi kitu, kaka alikosea na mwenyewe anajua. Watu wakija hapa kusema eti alionewa nitawajibu mimi mwenyewe.

Akashtakiwa mahakama ya wilaya, hapa kwetu Tanzania, kwa kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu, kusababisha madhara makubwa mwilini, ambacho mwisho wake ni miaka saba. Hati ya mashtaka ilisema amemvunja mkono wa kushoto na kumjeruhi kichwani. Mashahidi wanne: jirani, mke wa jirani, askari mpelelezi na daktari. Hakuwa na wakili, alijitetea mwenyewe kwa kupiga kelele, mnamjua mtu mwenye hasira akiwa kizimbani. Miaka minne jela na fidia juu.

(Namba za vifungu ninazotaja ni za toleo la sheria la 2022. Kuna toleo jipya na namba nyingi zimehama, ukienda kuandika hati yako angalia toleo linalotumika, usije ukasema mtu wa mtandaoni kanipoteza.)

Sasa kikao cha familia. Kila mtu ana lake la kumwambia jaji. Mama anataka jaji aambiwe habari ya mtaro. Shemeji ana picha za ukuta ulioloa kwenye simu. Mjomba anataka tupeleke mashahidi sita waseme jirani ni mkorofi. Tukaenda kwa wakili, dada mmoja mtu mzima, mkimya, akatusikiliza wote kama nusu saa halafu akauliza kitu kimoja tu: "Mwenendo mmekuja nao?"

Tukatazamana. Mwenendo gani? Kumbe ni yale maandishi ya hakimu ya yote yaliyosemwa mahakamani.

Akatuambia jaji wa Mahakama Kuu hatamsikiliza jirani wala mke wa jirani wala nyinyi. Atasoma. Kile kilichoandikwa na hakimu siku ile ndo kesi yenu, ambacho hakikuandikwa hakikutokea. Ushahidi mpya unaruhusiwa kwa nadra sana na picha za ukuta sio mojawapo. Mama alinuna njia nzima kurudi nyumbani.

Mpini wa Jembe

Naendelea. Kitu cha kwanza ni muda, na hapa ndo wengi wanapozama. Kifungu cha 361 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai: siku 10 tangu hukumu unatoa kusudio la kukata rufaa, halafu siku 45 unaleta rufaa yenyewe yenye sababu zako. Uzuri ni kwamba ule muda wa kusubiri kupewa nakala za mwenendo na hukumu hauhesabiwi kwenye hizo 45. Kaka alitoa kusudio akiwa ndani, siku ya sita, kupitia mkuu wa gereza, maana mfungwa anaruhusiwa kupitishia hapo. Kwa hiyo msisubiri mpate hela ya wakili ndo mtoe kusudio, kusudio ni karatasi moja.

Nakala zilichukua miezi mitano. Njoo Alhamisi. Alhamisi njoo, karani yuko likizo. Nilikuwa naandika kwenye daftari kila siku niliyoenda, wakili aliniambia niandike ili ikiulizwa mbona mmechelewa tuwe na la kusema.

Siku nimepata nikasoma usiku kucha. Kurasa 34. Na hapa nataka niwaoneshe kitu, maana ndo kesi yote ilipokuwa imelala na sisi tulikaa mahakamani siku ile hatukuona chochote.

Ukurasa wa 17, daktari anatoa ushahidi. Anasema alimpokea mgonjwa ana jeraha kichwani urefu sentimita tatu, akashona nyuzi nne, mkono wa kushoto umevimba, akamwandikia akapige eksirei. Nukta. Nikafungua ukurasa unaofuata nikitafuta majibu ya eksirei. Hakuna. Nikarudi kwa mpelelezi, hakuna. Kwenye orodha ya vielelezo kuna PF3 (ile fomu ya polisi anayojaza daktari) na mpini wa jembe, basi. Halafu nikafungua hukumu, hakimu kaandika "imethibitika kuwa mlalamikaji alivunjwa mkono". Imethibitika wapi? Jirani mwenyewe alisema "mkono wangu ulivunjika", mke wake akasema vivyo hivyo, ila mtu aliyeuona mfupa hayupo kwenye kurasa 34.

Cha pili, ukurasa wa 18: "PF3 imepokelewa kama kielelezo P1." Mstari unaofuata moja kwa moja: "Maswali ya mshtakiwa: hakuna." Haikusomwa kwa sauti baada ya kupokelewa. Mimi niliona kawaida tu nikapita, wakili ndo aliweka kidole hapo hapo akatabasamu mara ya kwanza tangu nimjue.

kibarua_wa_usiku

Mkuu hapo kwenye kusoma kielelezo watu hawajui ila ni kitu kikubwa. Kesi ya Robinson Mwanjisi na wenzake ya 2003 ndo inatajwa kila siku, nyaraka ikishapokelewa lazima isomwe ili mshtakiwa ajue kilichomo, isiposomwa inaondolewa kwenye kumbukumbu. Na PF3 ina lingine, kifungu cha 240(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, mshtakiwa lazima aambiwe ana haki ya kutaka daktari aliyeandika aje ahojiwe.

Mpini wa Jembe

Kwetu daktari alikuja mwenyewe kwa hiyo la 240 halikutusaidia. Na hii ni muhimu: watu wanadhani PF3 ikitolewa kesi imekufa. Haifi. Maneno ya mdomo ya daktari yanabaki. Na hata daktari asingekuwepo, aliyepigwa anaweza kueleza alivyopigwa. Mdogo wangu wa mwisho alishaanza kuchinja mbuzi kichwani, wakili akamwambia tulia kijana.

Binti wa Mchana

Samahani mleta uzi, nimesoma mpaka hapa na roho inaniuma. Mtu kapigwa kichwani kwa mpini akiwa anakimbia, nyie mnashangilia karatasi haikusomwa. Mama yangu alipigwa na jirani, jino likatoka, kesi ikaenda jamaa akaachiwa. Nilienda kuuliza tunakataje rufaa nikaambiwa mimi na mama sio wadaawa, yani sio wenye kesi, mama ni shahidi tu. Shahidi! Jino lake yeye, anaitwa shahidi.

Mpini wa Jembe

Dada yangu pole sana, na huna haja ya kuomba samahani. Sikubishii. Kaka hakustahili kuachiwa kama vile hakufanya kitu na hakuachiwa hivyo, utaona mbele. Ila miaka minne ilitolewa kwa mkono uliovunjika, na mkono kuvunjika haukuthibitishwa. Hayo ni mambo mawili.

kibarua_wa_usiku

Binti wa Mchana kesi ya mama yako ilikuwa mahakama gani? Kama ni ya wilaya au ya hakimu mkazi, kweli mwenye kukata rufaa mtu akiachiwa ni Mkurugenzi wa Mashtaka, ye ndo mwenye kesi, mlalamikaji hana mlango wake. Mnachoweza ni kuwahi ofisi ya mashtaka mkawaombe, na wahini kwelikweli maana na wao wana siku zao. Ila kama ilikuwa Mahakama ya Mwanzo, mlalamikaji ANAWEZA kukata mwenyewe kwenda wilaya, siku 30. Kesi nyingi za majirani kupigana zinaanzia Mwanzo na watu hawajui hili.

Binti wa Mchana

Ilikuwa Mwanzo. 2019. Hakuna aliyetuambia.

Mzee Kobe

Vijana mimi nauliza. Hawa ni majirani, kwa nini msingepatana yakaisha? Zamani watu walikuwa wanakaa chini.

Wakili Asiye na Tai

Shikamoo mzee. Kupatana kupo kisheria, kifungu cha 163 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, lakini ni kwa shambulio la kawaida na makosa mengine madogo ya watu na watu, hapo mahakama yenyewe inaweza kuwapatanisha ikasimamisha kesi, hata kwa kulipana fidia. Ikishaandikwa 225 mlango huo umefungwa. Jirani anaweza kukusamehe hata kwa machozi, kesi ni ya Jamhuri, yani Serikali. Ndo maana namba ya kifungu kwenye hati ya mashtaka ni kitu cha kukiangalia siku ya kwanza. Kwenye Kanuni ya Adhabu: 240 shambulio la kawaida mwisho mwaka mmoja, 241 shambulio la kudhuru mwili mwisho miaka mitano, 225 miaka saba, na ikipanda ikawa 222, kukusudia kudhuru vibaya, hapo inaweza kufika maisha. Mpini ni ule ule, kichwa ni kile kile, namba ndo inabadilika.

Na mleta uzi usisahau kuwaambia watu kuwa rufaa inaweza kukugeukia. Mahakama Kuu ina uwezo wa kuongeza adhabu. Nimeona mrufani kaingia na mwaka mmoja kwa kosa ambalo sheria inataka zaidi, katoka nao umeongezeka, anamwangalia wakili wake kama amemuuza.

Mpini wa Jembe

Asante wakili, na sisi tuliambiwa hivyo hivyo, kaka akaambiwa afikirie wiki nzima. Alikubali.

Sababu za rufaa sasa. Kaka akiwa gerezani alishaandikiwa na mwenzake wa ndani, sababu kumi na moja. Ya nne ilisema "mlalamikaji ana roho mbaya tangu ahamie". Ya tisa ilimtaja mke wa jirani kwa mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Wakili alizisoma zote kwa heshima, halafu akaandika zake nne. Moja, madhara makubwa hayakuthibitishwa. Mbili, PF3 haikusomwa. Tatu, shahidi muhimu hakuitwa, maana binti wa kazi wa jirani alikuwa anafua uani palepale na hajaja mahakamani. Nne, kujilinda.

Otieno wa Pili

Niaje wadau. Mimi niko Kenya na nimeona mambo ni karibu sawa ila kwetu ni moto zaidi. Grivas hamu (hayo madhara makubwa yenu) kwetu ni section 234 na jaji anaweza kukupa maisha, si saba. Notisi ya siku kumi hatuna kwa High Court, ni siku 14 tu unapeleka petition yako, hati ya rufaa. Karatasi ya daktari tunaiita P3. Na ile maneno ya jaji kusoma ushahidi wote upya ni kesi ya Okeno ya 1972, kila rufaa huku lazima uione, ukikosa kuiona jua hiyo hukumu ni feki 😂

Mpini wa Jembe

Hahaha Otieno karibu. Hilo la Okeno hata kwetu lipo, rufaa ya kwanza jaji anatakiwa aupime ushahidi wote upya mwenyewe, ila akumbuke yeye hakuwaona mashahidi wakiongea, hakimu ndo aliwaona. Kwetu wanaitaja sana Pandya ya 1957, nayo ya Afrika Mashariki.

mtoto_wa_stendi

Mmesahau utambuzi, yani shahidi alimtambuaje aliyempiga!! Umesema giza linaingia. Kesi ya Waziri Amani 1980 inasema mazingira ya mwanga lazima yaelezwe, taa ilikuwa aina gani, umbali, muda aliomwangalia. Mngelipiga hilo kaka angetoka siku hiyohiyo

Mpini wa Jembe

Mdogo wangu, wametukanana dakika kumi umbali wa mita moja, wamekaa ukuta kwa ukuta miaka mitatu na kaka mwenyewe kwenye utetezi alisema "nilimpiga". Utambuzi wa nini? Wakili alituambia ukimpelekea jaji sababu ya ovyo anaanza kuzitilia shaka na zile nzuri.

mtoto_wa_stendi

Sawa bro nimekaa

Mpini wa Jembe

Siku ya kusikilizwa. Nilitegemea siku nzima, ilikuwa kama dakika arobaini. Kaka kaletwa, kakonda, amenyoa. Wakili wetu kaongea taratibu. Kisha jaji akamgeukia wakili wa Serikali akamuuliza swali moja: "Eksirei iko wapi?"

Yule kijana akafungua faili, akapekua mbele, akapekua nyuma, nikamwona anapitisha kidole kwenye orodha ya vielelezo kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Akasema, "Mheshimiwa Jaji, haipo kwenye kumbukumbu." Akakaa sekunde mbili akaongeza kwamba kwenye hilo la madhara makubwa upande wa Serikali hawaipingi rufaa, ila kuwa kaka alipiga na kujeruhi wanaunga mkono hukumu ya chini. Mimi nilidhani kazi yake ni kupinga kila kitu. Kumbe sivyo, na nilimheshimu sana yule kijana, mwambieni kama yumo humu.

Hukumu ilikuja baada ya wiki tano, nawapa kwa kifupi. PF3 ikaondolewa. Maneno ya daktari yakabaki: jeraha sentimita tatu, nyuzi nne, uvimbe. Jaji akasoma tafsiri ya madhara makubwa kwenye kifungu cha 5 cha Kanuni ya Adhabu, kwamba ni yale ya hatari, au yanayoharibu afya vibaya au moja kwa moja, au yanayoacha ulemavu wa kudumu, au kuumia vibaya kiungo, akasema uvimbe bila kujua chini yake kuna nini haufiki hapo, na jeraha kichwani lilipona bila tatizo kwa maneno ya daktari mwenyewe.

Binti wa kazi tulishindwa. Wakili alileta kesi ya Aziz Abdallah ya 1991, kwamba shahidi muhimu asipoitwa bila sababu mahakama inaweza kuona angesema kinyume na upande wa mashtaka, ila jaji akasema sheria ya ushahidi haitaji idadi ya mashahidi, jirani na mkewe walitosha, na kaka mwenyewe kakiri kupiga, sasa binti angeongeza nini.

Kujilinda ndo palipouma. Jaji alikubali lile pigo la kwanza. Kabisa, kaandika kwamba mtu akinyanyuliwa koleo ana haki ya kulidondosha. Halafu akaandika sentensi ambayo kaka anaijua kwa moyo mpaka leo, siinukuu neno kwa neno ila maana yake ni kwamba koleo likiwa chini na mwenye koleo amegeuza mgongo, anayelindwa hapo ni nani?

Wakati inasomwa nilimwangalia kaka. Aliinamisha kichwa hapo, sio pale alipofungwa.

Kwa hiyo kosa la 225 likafutwa, akatiwa hatiani kwa 241 kwa sababu mahakama inaweza kukuhukumu kwa kosa dogo ambalo ushahidi umelithibitisha hata kama hukushtakiwa nalo. Kifungo kikapunguzwa kikawa muda aliokwishakaa, mwaka na miezi miwili, atoke. Fidia ikabaki yote.

Binti wa Mchana

Fidia ilibaki. Sawa. Hapo nimekuelewa kidogo. Mlilipa?

Mpini wa Jembe

Tulilipa dada. Mama aliuza cherehani. Nilipeleka mahakamani mwenyewe na risiti ninayo.

kibarua_wa_usiku

Na Jamhuri hawakwenda Mahakama ya Rufani?

Mpini wa Jembe

Hawakwenda. Na sisi hatukwenda kuitafuta 241 ifutwe. Wakili alisema huko rufaa ya pili ni hoja za sheria tu, ukubwa wa adhabu haumo, na hoja ya sheria hatuna. Mjomba bado anasema tungeenda.

Mzee Kobe

Sasa wanaishije hao watu wawili? Mimi ndo nataka kujua hilo, hayo ya vifungu mmeshinda.

Mpini wa Jembe

Mzee, kaka alirudi Ijumaa usiku. Asubuhi katoka nje akakuta mtaro umejengewa kwa saruji, mwanzo mpaka barabarani, na mfuniko juu. Jirani aliujenga kaka akiwa ndani. Kajenga upande wake na upande wetu, hakudai senti. Mke wa kaka alikuwa anajua, hakutuambia kwa sababu alidhani tutakwenda kugombana tena.

Hawaongei. Kaka akimkuta jirani getini anaangalia chini, jirani anakohoa. Watoto wao wanasoma darasa moja. Mwezi uliopita ilinyesha usiku mzima, kaka akaamka saa nane kama zamani, akatoka na tochi, akakuta jirani naye katoka na tochi. Wakasimama kila mtu upande wake wakiyaangalia maji yanavyopita chini ya mfuniko, halafu wakarudi kulala.